Kiwanda kimoja, kesho tatu: umri na matarajio ya wafanyakazi katika kiwanda cha uchapaji

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la kiwanda, mahali kilipo, tarehe na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa, na mambo machache yamebadilishwa ili wahusika wasijulikane. Niliitwa kama mshauri wa mahusiano kazini, kwa ridhaa ya uongozi na ya chama cha wafanyakazi. Ninakiandika kwa ajili ya maafisa utumishi, viongozi wa matawi ya vyama na wasimamizi wa zamu, kwa sababu nimeona kosa lililofanyika hapa likirudiwa kwingine: watu huulizwa wanauonaje mustakabali wa mahali pao pa kazi, majibu yanagawanyika kwa umri, na wakubwa wanahitimisha kwamba tatizo ni tabia ya rika fulani.

Usuli

Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao mia mbili. Kwa miaka mingi kiliishi kwa kuchapa vitabu vya risiti, fomu za ofisi, kalenda, ripoti za mwaka na vitabu vya mazoezi. Kisha fomu zikaanza kuhamia kwenye kompyuta na simu. Wateja wawili wakubwa walipunguza oda, mmoja kwa kishindo na mwingine polepole. Uongozi ukaamua kugeukia vifungashio, yaani maboksi ya karatasi ngumu na lebo, kwa hoja kwamba bidhaa itaendelea kuhitaji boksi hata kama hati yake imehamia kwenye simu. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na bado naiona nzuri.

Ili kugeuka, kiwanda kilihitaji mtambo wa kukata na kukunja maboksi. Fedha za ndani hazikutosha, hivyo ilibidi kukopa. Benki ilitaka kwanza kuona gharama za mishahara zikishuka. Hapo ndipo suala la watu lilipoingia.

Kiumri, kiwanda kilikuwa na matabaka matatu. Wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa wengi katika ukumbi wa mitambo na katika umaliziaji, pale vitabu vinapokunjwa, kushonwa, kujalidiwa na kukatwa. Wengi wao waliajiriwa kwa mkupuo mmoja, kiwanda kiliponunua mitambo yake mikubwa. Wa kati, kuanzia miaka 35 hivi hadi 49, walikuwa mafundi wa matengenezo, wasimamizi wa zamu na watu wa uhasibu. Vijana walikuwa katika usanifu, maandalizi ya kurasa na mauzo, na wengi wao walikuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Kuna jambo moja la nyuma ambalo lazima msomaji alijue. Miaka mingi kabla ya kisa hiki, kiwanda kiliwahi kuyumba vibaya. Mishahara ilichelewa kwa miezi, watu wengi wakaondoka, na waliobaki wakalipwa malimbikizo yao yote mambo yalipotengemaa. Wazee wote walikuwepo wakati huo. Vijana hawakuwepo hata mmoja.

Dodoso la kwanza

Kabla ya kutangaza lolote, idara ya utumishi iligawa dodoso fupi. Swali lake kuu lilikuwa hili: baada ya miaka mitatu, hali ya kiuchumi ya kiwanda itakuwa bora, ileile, au mbaya zaidi? Chini yake palikuwa na nafasi ya kujaza umri. Idara ya mtu haikuulizwa, wala aina ya mkataba wake.

Majibu yalipangika vizuri mno. Wazee wengi waliandika "bora" au "ileile". Vijana wengi waliandika "mbaya zaidi". Wa kati waligawanyika, na ndio walioacha swali wazi kuliko wengine. Palikuwa na nafasi ya maoni pia, na hapo vijana waliandika kwa matumaini makubwa kuhusu maisha yao wenyewe: nitaanzisha studio, nitapata kazi ya usanifu kwingine, nitasoma zaidi. Kiwanda walikiona kinazama, ila wao hawakujiona ndani yake.

Katika kikao cha uongozi majibu hayo yalisomwa kwa sentensi mbili ambazo bado nazikumbuka: vijana hawana uvumilivu, na wazee hawajui hesabu. Mipango iliyofuata ilijengwa juu ya sentensi hizo.

Vyumba viwili vya jengo moja

Nilipofika niliomba kukaa sakafuni, kazini kwenyewe, kabla ya kuonana na mtu yeyote ofisini. Nieleze kwa kirefu nilichokiona huko, maana kisa chote kiko hapo.

Katika chumba cha maandalizi ya kurasa, binti mmoja wa miaka ishirini na kitu alinifungulia kompyuta yake. Kila mteja alikuwa na folda, na ndani ya folda kulikuwa na mafaili ya kazi yaliyopangwa kwa mwezi. Alishuka taratibu na orodha ya mteja mmoja mkubwa. Mwanzoni kila mwezi ulikuwa na fomu mpya, zilizorekebishwa, zenye rangi tofauti kwa kila idara. Halafu miezi ikaanza kuwa na fomu moja moja. Miezi ya mwisho ilikuwa na agizo la aina moja tu: chapa tena ileile ya zamani, nakala nyingi. "Mtu anayerekebisha fomu ana mpango nayo," aliniambia. "Huyu harekebishi tena. Anajaza ghala, halafu anaachana nayo."

Ghorofa ya chini, ukumbi wa mitambo ulikuwa unanguruma. Mpiga chapa mwenye miaka 56 alivuta karatasi moja kutoka kwenye mlundo, akailaza juu ya meza yenye taa, akaweka lenzi kwenye zile alama ndogo za pembeni zinazoonyesha kama rangi zimekaa juu ya mwenzake sawasawa, akasogeza wino upande mmoja kwa kugusa tu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mtambo huu unapiga zamu mbili. Kiwanda kinachokufa hakipigi zamu mbili."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mtambo ulipiga zamu mbili kwa sababu mwenzake ulikuwa umeharibika na kazi zake zimehamishiwa hapo, na kwa sababu yule mteja alikuwa anajaza ghala lake. Chumba cha maandalizi huiona kazi wiki kadhaa kabla ya ukumbi wa mitambo. Umaliziaji huiona mwisho kabisa. Kwa hiyo oda zinapopungua, habari hushuka ngazi polepole, na anayekaa chini hubaki amezungukwa na mlundo wa karatasi wakati aliye juu anatazama folda tupu.

Niliwatafuta watu ambao umri wao na mahali pao haviendi pamoja. Palikuwa na mzee mmoja aliyehamishiwa kwenye makadirio ya bei baada ya kuumia mgongo. Alikuwa na wasiwasi kuliko kijana yeyote niliyezungumza naye. Na vijana wasaidizi wa mitambo, wale wanaobeba karatasi na kusafisha rola, walikuwa na matumaini ya mzee waliyemsaidia, hata maneno yake waliyachukua. Watu hao hawakuwa wengi, lakini walitosha kuvunja ile picha ya dodoso. Sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kuwa tofauti ya umri ilikuwa tofauti ya dirisha ambalo mtu anachungulia.

Mkono wa kwaheri

Wakati huohuo uongozi ulikuwa umeshatoa tangazo la kuondoka kwa hiari. Atakayejiandikisha angelipwa kiinua mgongo kilichokokotolewa kwa miaka ya utumishi, pamoja na nyongeza ya mkono wa kwaheri. Dirisha la kujiandikisha lilikuwa wazi kwa siku kumi za kazi. Tangazo lilibandikwa ubaoni, na chama kilipewa nakala siku ileile.

Matarajio yalikuwa kwamba wazee wataondoka kwa wingi, kwa kuwa fomula iliwapa fedha nyingi zaidi. Ilikuwa pia njia iliyoonekana ya kistaarabu: wanaokaribia kustaafu wapumzike mapema, vijana wabaki kuendesha vifungashio.

Waliojiandikisha walikuwa wa kati. Mafundi wa matengenezo, wasimamizi wa zamu, mhasibu mmoja mzoefu. Fundi wa umeme wa mitambo, mwenye miaka 42, alinieleza hesabu yake bila kuficha. Ana miaka karibu ishirini ya kazi mbele yake. Ujuzi wake unatafutwa na viwanda vya aina nyingi. Fedha anayopewa leo inatosha kununua vifaa vyake mwenyewe. Akisubiri na kiwanda kikafungwa, atatoka akiwa na miaka 45 au 46, sokoni pamoja na wenzake wote kwa siku moja, na huenda fedha yenyewe isiwepo. "Sina hakika kwamba kitakufa," alisema. "Nina hakika kwamba siwezi kusubiri kuona."

Wazee walikataa. Aliyebakiza miaka minne kufikia pensheni kamili hapati faida kuondoka leo, maana mafao yake ya uzeeni yangepungua na hakuna atakayemwajiri tena kwa mshahara ule. Vijana nao hawakujiandikisha, kwa sababu fomula ya miaka ya utumishi iliwapa fedha ndogo. Waliondoka kimyakimya mikataba yao ilipoisha, bila kuaga na bila kuhesabiwa katika takwimu za waliohiari.

Matokeo ya haraka yalikuwa mabaya. Yule fundi wa umeme alipoondoka, mtambo mkubwa ulisimama kwa hitilafu ambayo yeye alizoea kuitengeneza kabla ya chai. Mwongozo wa mtambo ulikuwepo. Marekebisho aliyoyafanya kwa miaka mingi hayakuwa yameandikwa popote.

Maamuzi yaliyofuata

Uongozi ulisimamisha dirisha kabla halijaisha na kukubali kukaa na chama. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwa sababu benki ilikuwa inasubiri, na niseme wazi kwamba meneja mkuu alihitaji ujasiri kuufanya.

Jambo la kwanza lilikuwa kuuliza upya, kwa namna nyingine. Watu walikaa katika vikundi vidogo vya idara, umri ukiwa umechanganyika, na kila mtu aliandika majibu yake kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Hilo la kuandika kwanza lilikuwa na sababu. Mzee akishasema kwamba kiwanda hakitakufa, kijana aliye karibu naye hatampinga mbele ya watu. Atanyamaza kwa heshima, kisha ataondoka mkataba ukiisha. Maswali yalikuwa manne. Unaona nini katika idara yako kwa miezi michache ijayo? Unatarajia kufanya kazi hapa miaka mingapi zaidi? Kiwanda kikifungwa, utapoteza nini kwanza? Hali ya sasa unailinganisha na wakati gani uliopita?

La pili lilikuwa ubao wa oda. Afisa fedha alipinga, akihofia washindani wataona na benki itashtuka. Hofu yake ilikuwa na msingi. Tukakubaliana kwamba ubao utaonyesha wingi wa kazi kwa wiki nane zijazo, kwa aina ya bidhaa, bila majina ya wateja wala bei. Ulitundikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mitambo, mahali ambapo habari zilikuwa zinafika mwisho.

La tatu lilihusu mafunzo ya mtambo wa vifungashio. Mpango wa awali ulikuwa na mtihani wa kompyuta kama mlango wa kuingilia, na wazee walijua kwamba mlango huo umejengwa ili wasipite. Mtihani uliondolewa. Mafunzo yalifanyika kwenye mtambo wenyewe, watu wawiliwawili: mmoja anayejua karatasi, mmoja anayejua faili. Anayejua karatasi anasikia kwa vidole kama unyevu umezidi na boksi litapasuka kwenye mkunjo. Anayejua faili anaona kwamba mstari wa mkunjo umechorwa milimita moja nje. Hakuna mmoja wao anayeweza kutoa boksi zuri peke yake.

Mengine yalikuwa mawili. Waliobakiza miaka michache walipewa nafasi ya kupunguza saa kidogokidogo, kwa masharti kwamba michango yao ya pensheni iendelee kukokotolewa kwa mshahara kamili. Na vijana waliochaguliwa kwenye vifungashio walipewa mikataba ya miaka mitatu badala ya mwaka mmoja.

Matokeo

Mkopo ulichelewa na ulikuja pungufu. Kiwanda kilinunua mtambo uliotumika. Vifungashio vilianza kwa maboksi madogo, vikaongezeka polepole, na leo vinabeba sehemu kubwa ya kazi. Fomu na vitabu vya risiti vilishuka kama yule binti alivyosema. Kiwanda ni kidogo kuliko kilivyokuwa, na kinalipa mishahara kwa wakati.

Mtambo wa vifungashio ulipata wasimamizi wawili kutoka miongoni mwa vijana wa ile mikataba ya miaka mitatu. Chumba cha usanifu kiliendelea kuvuja, kwa kuwa mikataba ile haikufika huko. Pengo la wa kati halijazibika. Yule fundi wa umeme anaitwa hadi sasa kwa malipo ya siku, na siku zake ni ghali.

Katika mazungumzo ya baadaye, wazee na vijana wa idara moja walikuwa wamekaribiana sana katika wanachokitarajia kwa mwaka ujao. Kwa miaka kumi ijayo walibaki mbali. Naamini watabaki hivyo, na sioni ubaya wowote.

Uchambuzi

*Umri ulibeba mambo mengine mgongoni.* Swali moja lenye kisanduku cha umri liliunganisha vitu ambavyo kila kimoja kina dawa yake. Kuna muda uliobaki, kuna kumbukumbu, kuna hasara ya kuondoka, na kuna mahali mtu anapokaa katika mnyororo wa kazi. Tofauti ya mahali iliisha kwa ubao mmoja mlangoni. Hakuna semina kuhusu tabia za vizazi ambayo ingeweza kuiondoa.

*Miaka mitatu si mirefu sawa kwa kila mtu.* Kwa mwenye miaka 57, miaka mitatu ndiyo safari yote iliyobaki. Akiambiwa kiwanda kitasimama kwa muda huo, ameshafika. Kwa mwenye 26, ni muda wa kujifunza kazi ambayo huenda isiwepo. Mzee aliyeandika "ileile" na kijana aliyeandika "mbaya zaidi" wangeweza kuwa na picha moja kichwani: kiwanda kinachopungua taratibu kwa miaka kumi. Mmoja aliangalia mwanzo wa mteremko, mwingine aliangalia mwisho wake.

*Kumbukumbu ya shida ni ushahidi, ila ni ushahidi wa tukio moja.* Wachumi Ulrike Malmendier na Stefan Nagel, katika tafiti zao za mwaka 2011 na 2016 kuhusu Marekani, walionyesha kwamba yale ambayo mtu ameyaishi yeye mwenyewe, kama vile faida za soko la hisa au mfumuko wa bei, huathiri namna anavyotarajia ya mbele na kiasi cha hatari anachokubali kubeba. Vijana huathiriwa zaidi na mambo ya karibuni, kwa kuwa miaka michache iliyopita ni sehemu kubwa ya maisha yao ya kiuchumi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa. Wazee walikuwa na mfano wa kiwanda kilichoyumba kikainuka na kulipa malimbikizo. Vijana walikuwa na miaka michache tu, yote ya kushuka. Swali la nne lilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia: mara mzee alipoeleza shida ya zamani kwa kina, yeye mwenyewe aliona kwamba safari ile wateja walikuwepo na fedha ndiyo iliyokwama, na safari hii wateja ndio wanaoondoka.

*Hasara ya kuondoka haigawanywi sawa.* Edward Lazear alieleza mwaka 1979 kwamba ajira nyingi za muda mrefu hulipa mtu pungufu ya anachozalisha akiwa kijana, na zaidi ya anachozalisha akiwa mzee. Malipo ya utumishi huwa yamerundikwa mwishoni. Mtu aliyejengewa malipo ya namna hiyo hawezi kuondoka miaka minne kabla ya mwisho bila kuacha sehemu ya jasho lake. Tena utafiti wa Jacobson, LaLonde na Sullivan wa mwaka 1993 kuhusu wafanyakazi wa Pennsylvania ulionyesha kwamba waliopoteza kazi walizozishika kwa muda mrefu walikuwa bado na kipato pungufu kwa takriban asilimia 25 miaka kadhaa baadaye. Wazee wa kiwanda hawakusoma tafiti hizo, ila walijua. Matumaini yao kwa kiasi fulani yalitokana na kutokuwa na njia nyingine. Nalisema hili kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kulitumia kuwadharau. Mtu asiye na pa kwenda ana haki ya kutumaini, na kwa kawaida ndiye atakayefanya kazi ya ziada ili tumaini hilo litimie.

*Matumaini juu ya nafsi si matumaini juu ya kiwanda.* Mwaka 1980 mwanasaikolojia Neil Weinstein alionyesha kwamba watu huelekea kuona mazuri yatawapata wao kuliko wenzao, na mabaya yatawapata wenzao kuliko wao. Vijana wa hapa walikuwa mfano kamili. Anayetaka kujua kama watabaki asiwaulize tu hali ya kiwanda. Awaulize wanajiona wapi, kisha aangalie kama kiwanda kimo ndani ya jibu.

*Waliokuwa na sauti na waliokuwa na mlango.* Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu akiona taasisi yake inazorota ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba utiifu ndio unaoamua lini ataitumia ipi. Katika kiwanda hiki wazee walikuwa na sauti, kwa kuwa ndio walioongoza tawi la chama, na hawakuwa na mlango. Vijana walikuwa na mlango bila sauti. Wa kati walikuwa na vyote viwili kwa kiasi, na tangazo la siku kumi likawasukuma mlangoni. Fomula inayolipa miaka ya utumishi bila kuangalia kiwanda kinamhitaji nani humwondoa kwanza yule anayetafutwa nje. Uongozi ungehifadhi haki ya kukataa maombi ya watu wa nafasi nyeti, na kuwapa kitu cha kuwafanya wabaki, kabla ya kufungua dirisha.

*Muda wa kufikiri.* Siku kumi zilikuwa chache mno. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe taarifa na washauriwe mapema pale mwajiri anapokusudia kuachisha watu kwa sababu za kiuchumi au kiteknolojia. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 inamtaka mwajiri anayeomba wafanyakazi wa miaka 40 na zaidi waachilie haki yao ya kudai ubaguzi wa umri, katika mpango wa kuondoka kwa kikundi, awape angalau siku 45 za kufikiri na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, muda mfupi huzaa uamuzi wa woga, na woga ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale ambao kiwanda hakikutaka waende.

*Onyo kuhusu takwimu za umri.* Dodoso la mara moja haliwezi kutenganisha umri, kizazi na wakati. Mtu wa miaka 56 leo ni mzee, ni wa kundi lililoajiriwa kwa mkupuo, na anaishi katika mwaka huu wa shida, vyote kwa pamoja. Anayesema "wazee huwa na matumaini" huenda anasema tu kwamba kundi lile lilinusurika mara moja. Vijana wa leo wakifika miaka hiyo wakiwa wamepitia kufungwa kwa viwanda viwili, hawatajibu kama wazee hawa.

Yaliyobaki mezani

Vibarua wa kubeba na kupakia hawakuulizwa, si katika dodoso la kwanza wala katika vikundi. Niliomba wajumuishwe, ikajibiwa kwamba si wafanyakazi wa kiwanda kisheria. Matarajio yao hayajulikani, na ndio waliopungua kwa kasi kuliko wote.

Suala la wa kati waliobaki nalo bado linajadiliwa. Wameona wenzao wakilipwa mkono wa kwaheri kisha wakirudi kwa malipo ya siku, na wanataka kiwanda kiandike ahadi kwamba iwapo watapunguzwa ndani ya miaka mitano, watalipwa kwa fomula ileile ya dirisha la kwanza. Uongozi umependekeza miaka miwili. Chama kimeomba fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya pembeni ambayo benki haiwezi kuigusa mkopo ukikwama, na hapo ndipo mazungumzo yaliposimama nilipomaliza kazi yangu.